Jumamosi ya Tamasha, Jumatatu ya Mizani

Kuanzia katikati ya Julai hadi Oktoba, mabenchi ya vijana katika usharika wetu hapa Mlowo hujaa. Vyuo vimefungwa. Watoto waliotawanyika Mbeya, Iringa, Dodoma na Dar es Salaam wanarudi nyumbani na mabegi yao, na kwaya ambayo tangu Februari ilikuwa na akina dada wanne na besi mmoja mwenye mafua inapata tena sauti zake zote. Ni majira mazuri. Mahindi yametoka shambani, kahawa inachumwa, barabara kuu ya kwenda Tunduma imejaa malori, na kwa muda mfupi karibu kila nyumba ina fedha kidogo mkononi. Baridi ya Mbozi asubuhi inauma mpaka kwenye mifupa, lakini mchana jua ni safi na hakuna mvua ya kuharibu sherehe ya mtu.

Ndiyo maana kila kitu hupangwa humo. Harusi, sendofu, kipaimara, matamasha ya kwaya, Nane Nane. Na katikati ya hayo yote mwanafunzi anatakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe wanayaita fildi: wiki kadhaa katika ofisi au biashara fulani, anaandika kila siku alichofanya katika daftari maalumu, msimamizi anatia saini, kisha anarudi chuoni na ripoti.

Wazazi wanaponijia katika miezi hii huja na hofu zao, na nimekwisha kuzijua kabla hawajaketi. Mama mmoja anasema binti yake anarudi saa tano usiku kutoka mazoezini. Baba mwingine anasema kijana amekwenda Mbeya kwenye muziki wa bongo fleva na amerudi alfajiri kwa Kosta ya kwanza. Wengine wanalalamikia sendofu, nguo zinazovaliwa huko, na MC anayesema maneno ambayo hayasemeki mbele ya wakwe. Katika miaka yote ya uchungaji wangu sijawahi kupata mzazi aliyekuja kuniambia, "Baba mchungaji, mwanangu ameanza fildi, nina hofu na roho yake." Fildi ni sababu ya kutoa shukrani. Mzazi huleta bahasha madhabahuni kwa furaha kwamba mtoto amepata mahali.

Nataka nieleze mwaka mmoja ambao ulinifundisha kuziangalia upya hofu hizo. Mwanafunzi mwenyewe ameniruhusu kusimulia, bila jina lake na bila jina la mahali alipofanyia mafunzo.

Alikuwa mwaka wa pili, anasoma uhasibu. Sauti ya pili katika kwaya ya vijana, mtu wa kucheka sana, na kwa kusema kweli mtu wa kupenda sherehe. Likizo ile hakukosa kitu. Aliimba katika matamasha mawili ya jirani, akasimama msimamizi katika harusi ya binamu yake, akahudhuria sendofu sijui ngapi, na usiku mmoja wa Agosti, siku za Nane Nane, baada ya kuzunguka mabanda ya maonyesho pale viwanja vya John Mwakangale, Uyole, akabaki Mbeya na wenzake kwenye tamasha la wasanii wa Dar es Salaam. Mtu alimpiga picha. Picha ilizunguka kwenye simu za wanakwaya, ikafika kwenye simu ya mzee wa kanisa, na Jumatano iliyofuata ikawa ajenda ya kikao.

Sitaki kuwabeza wazee wetu. Wameona vijana wengi wakipotea kwenye barabara hii. Mlowo ni mji wa njiani. Dereva wa lori la kwenda Zambia au Kongo analala hapa usiku mmoja, kesho hayupo, na mambo yaliyoachwa nyuma na usiku mmoja kama huo tumeyazika na kuyabatiza. Kwa hiyo mzee anapouliza binti alikuwa wapi saa nane za usiku, anauliza kwa uchungu wa mtu aliyekwisha kulipa. Hoja iliyoletwa mezani ilikuwa asimamishwe kuimba kwa mwezi mmoja. Nilisema sikubaliani. Binti alikwenda akiwa na kaka yake, alirudi na kaka yake, alicheza muziki. Nikawakumbusha harusi ya Kana: watu walisherehekea mpaka divai ikaisha, na Bwana wetu hakuitumia nafasi hiyo kuwaambia waende wakalale. Mzee mmoja alijibu kwamba Kana hapakuwa na spika. Tulicheka, tukaahirisha.

Nami niliyaona matamasha yetu yalivyo. Kadi inasema saa nane mchana, tunaanza saa kumi. Kwaya waalikwa wanatoka Vwawa, Tunduma, Mbalizi, na ndugu zetu Wamoravian waliotutangulia kuhubiri Mbozi hawakosi, na kwa uimbaji mara nyingi wanatushinda. Kila kwaya ina nyimbo mbili na kila kwaya inaimba tatu. Umeme ukikatika jenereta linapigwa kamba mara sita. Watoto wanalala kwenye mikeka pembeni. Humo ndani vijana wanajifunza mambo ambayo mimi siwezi kuwafundisha kwa hotuba: kusikiliza sauti ya jirani yako ili yako isiifunike, kusubiri zamu, kuchangia sare ya mwenzako ambaye baba yake hana. Sherehe pia, pamoja na kadi zake za mchango zinazotuchosha wote (mwezi wa Septemba mshahara wa mchungaji unakwisha kwa kadi), zina kitu. Mtu anapewa kwa jina, mbele ya watu wake wote, na watu wote wanakuwa mashahidi. Sioni ubaya wa kijana kupita humo mara nyingi.

Fildi yake ilikuwa katika ghala la mnunuzi wa mahindi. Kwa wasiojua hapa kwetu: msimu ukianza, wakulima wanaleta gunia kwa bajaji, kwa trekta, kwa baiskeli, na wanunuzi wana maghala na mizani. Gunia linapandishwa, namba inasomwa, karani anaandika, mkulima analipwa. Mnunuzi huyu alikuwa mtu wa heshima na bado ni mtu wa heshima. Ni mwumini wetu. Lori lake limebeba kwaya yetu bure zaidi ya mara moja, na mabati ya upande mmoja wa nyumba ya mwinjilisti ni yake. Baba wa binti ndiye aliyemwomba nafasi, naye alikubali palepale bila kutaka barua mbili tatu. Zaidi ya hayo, alikuwa amekubali kuwa mgeni rasmi katika tamasha letu la mwisho wa Agosti, ambalo harambee yake ilikuwa ya kununulia kinanda.

Alikuja kwangu Jumatatu jioni, wiki moja baada ya kile kikao. Nilidhani anakuja kwa habari ya picha.

"Shikamoo, baba mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi."

Hakutaja picha. Alitoa daftari lake la fildi, akalifungua magotini, akaniuliza kama ninajua gunia tupu lina uzito gani.

Sikujua. Yeye alijua, kwa sababu alikuwa amepima. Kazi yake ghalani ilikuwa kuandika kitabu cha manunuzi. Mizani inasoma, tuseme, kilo 104. Karani anaondoa kilo mbili "za gunia" na kuandika 102. Mkulima analipwa 102. Ndivyo alivyofundishwa siku ya kwanza, na kwa wiki nne ndivyo alivyoandika. Kisha siku moja kazi ilikuwa kidogo, akachukua magunia kumi matupu, yale ya plastiki iliyosukwa ambayo siku hizi kila mtu anatumia, akayaweka kwenye mizani yote kumi kwa pamoja. Hayakufika kilo mbili.

Alikuwa amekwisha kupiga hesabu, mhasibu yule. Mzigo wa gunia 300 unakatwa kilo 600. Magunia 300 matupu hayawezi kuzidi kilo 60. Kilo 540 zinazobaki ni mahindi ya watu. Mjane anayeleta gunia kumi ameacha ghalani kilo kama 18, karibu debe zima, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba ameliacha.

Kilichomsumbua zaidi ni kwamba mizani yenyewe ilikuwa halali. Wakala wa Vipimo walikuwa wameipima na alama yao ilikuwa pale, kila mkulima aliweza kuiona. Namba iliyosomwa ilikuwa ya kweli. Uongo uliingia baada ya hapo, kwenye kalamu, na kalamu ilikuwa mkononi mwake. "Baba, mwandiko ni wangu," aliniambia. "Kitabu chote."

Nikamuuliza amemwambia nani. Hakuna. Msimamizi wake ni mwenye ghala mwenyewe. Ndiye anayetia saini daftari kila mwisho wa wiki, ndiye atakayejaza fomu ya alama za chuo. Binti akifeli fildi, atairudia mwaka ujao, na baba yake atakuwa amempoteza rafiki aliyemtendea wema. Na kinanda. Alikitaja kinanda mwenyewe, akicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilifikiri juu ya kikao chetu cha Jumatano: watu wazima saba, chai na mihogo, saa moja na nusu juu ya picha ya binti anayecheza. Katika muda huohuo binti yule alikuwa akikatwa moyo polepole mahali ambapo sisi sote tulidhani yu salama, mahali tulipomtolea shukrani. Hatukuwa na swali lolote la kumuuliza juu ya huko. Tuna maswali mengi ya Jumamosi, hatuna hata moja la Jumatatu.

Na Biblia imejaa Jumatatu. Nilirudi kwa Amosi, ambaye wahubiri wengi wa matamasha humtumia kwa sababu anasema Mungu amechoshwa na kelele za nyimbo. Nimesikia mlango huo wa tano ukitumiwa kupiga vita magitaa. Lakini msomaji akiendelea hadi mlango wa nane ataona ni nyimbo za nani zilizomchosha Mungu. Ni za watu wanaokaa ibadani wakihesabu saa, wakingoja sikukuu iishe ili wafungue ghala la nafaka, wapunguze kipimo na kuichezea mizani. Nabii hakuwa na ugomvi na zeze. Alikuwa amesimama sokoni, akiangalia gunia likipimwa, na wimbo ulipoanza hekaluni aliusikia akiwa pale.

Makumira tulisoma Katekisimu Kubwa ya Luther ya mwaka 1529, na katika amri ya saba kuna jambo ambalo halimo katika ile Ndogo tunayowakaririsha watoto wa kipaimara. Luther anasema mwizi wa kuvunja mlango ni mdogo. Yupo mwingine anayekaa kwenye kiti, anasalimiwa kwa heshima, na anaiba kwa mwonekano wa haki, sokoni na kwa vipimo. Binti huyu alikuwa ameikariri amri ya saba mbele yangu miaka sita kabla, akiwa amevaa gauni jeupe, bila kukosea neno. Sasa alikuwa ameikuta ana kwa ana, imevaa shati la kawaida na ikimsalimia kwa upole kila asubuhi.

Wengine watasema nilipaswa kumwambia aache fildi siku ileile. Nililifikiria. Lakini Yohana Mbatizaji, watoza ushuru walipomwendea na kumuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache meza zao. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Warudi palepale, na wakae palepale kwa namna nyingine. Ni jibu gumu kuliko kukimbia. Danieli naye, ambaye kama tungetafuta mwanafunzi wa fildi katika Agano la Kale ndiye, alipelekwa kwa miaka mitatu ya mafunzo katika nyumba ya mfalme aliyeuteka mji wake. Hakuondoka. Alichagua mahali pa kusema hapana, akasema kwa adabu, akapendekeza jaribio la siku kumi. Kijana asiye na cheo chochote anaweza kufanya hivyo.

Tulizungumza jioni tatu, yeye, mimi na mke wangu. Jibu lilitoka kwake. Daftari la fildi linamtaka aandike alichofanya kila siku. Hadi hapo alikuwa ameandika "kuingiza takwimu za manunuzi," maneno ya chuo, yasiyo na harufu. Akasema ataandika kazi yenyewe. Ijumaa ile aliandika, kwa mwandiko wake mzuri: amepokea gunia kadhaa, ameondoa kilo mbili kwa kila gunia kama alivyoelekezwa, amepima magunia kumi matupu, uzito wake ni huu. Hakuweka neno la lawama hata moja. Kisha akalipeleka kwa msimamizi atie saini.

Alisoma, aliniambia binti, akaweka kalamu mezani taratibu. Hakugomba. Alisema, "Acha hapa, nitaangalia." Daftari likabaki mezani kwake wiki nzima, na ya pili.

Kufuatana na agizo la Bwana wetu katika Mathayo 18, mtu huendewa kwanza faraghani. Nilimwomba binti ruhusa, nikamchukua mzee mmoja wa kanisa, yuleyule wa spika za Kana, tukaenda nyumbani kwa mwenye ghala usiku, bila bahasha wala kalamu. Alitukaribisha chakula. Alijua tulichofuata. Nami nilitaka kumsikia, kwa maana mtu huyu si mnyang'anyi wa hadithini. Alisema wanunuzi wote anaowajua hukata. Alisema mahindi ya Juni huja na unyevu, yanakauka ghalani na uzito unapungua, na hasara hiyo ni yake. Alisema wakubwa wanaonunua kwake nao humkata yeye, na hana wa kumlilia. Akikata kidogo peke yake, itabidi ashushe bei ya kilo, na mkulima anaangalia bei tu, atakwenda ghala la jirani.

Mzee wangu, ambaye ni mkulima, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi shusha bei. Bei nitaiona. Kilo mbili sizioni."

Sijui hotuba yoyote ya seminari inayolishinda jibu hilo. Wote watatu tulinyamaza kwa muda mrefu, mama mwenye nyumba akaja kuondoa sahani.

Tamasha la mwisho wa Agosti lilifanyika. Mgeni rasmi hakuja. Alituma salamu kwamba yuko Tunduma kikazi. Hakutuma bahasha. Harambee ilipata chini ya nusu ya tulichotarajia, na kinanda hakikununuliwa mwaka ule. Baadhi ya vijana walinong'ona, kwa kuwa katika mji mdogo hakuna faragha, na kwa wiki mbili binti yetu alikaa mwisho wa benchi. Hilo lilimuuma kuliko wazee wote na kikao chao. Lakini wenzake wawili wa sauti ya pili, waliokuwa naye siku ile ya picha Mbeya, walihama wakakaa naye kule mwisho. Mimi nililiona hilo kutoka madhabahuni. Urafiki ule hawakuupata katika mafundisho yangu. Waliupata kwenye Kosta, kwenye mazoezi ya usiku na kwenye vikao vya sendofu.

Daftari lilirudi siku tatu kabla ya chuo kufunguliwa. Lilikuwa limetiwa saini kurasa zote, pamoja na ukurasa ule. Fomu ya alama ilikuwa imejazwa vizuri. Hakukuwa na maelezo. Binti alirudi chuoni, na mwaka uliofuata alifanya fildi yake kwenye ofisi nyingine, mkoa mwingine.

Ghalani, msimu uliofuata, makato yalikuwa nusu kilo. Bado ni zaidi ya uzito wa gunia. Mzee wangu analijua hilo na mwenye ghala anajua kwamba mzee analijua. Wanasalimiana. Ameanza tena kuja ibadani, anakaa upande wa dirisha.

Jumapili ya Mavuno mwaka jana alileta gunia tatu za mahindi. Baada ya ibada zilitolewa nje kwenye mnada, pamoja na kuku, ndizi na maboga, na kijana anayenadi akaliinua la kwanza kwa mikono miwili, akapaza sauti: "Gunia la kilo mia, wapendwa, nani anaanza?" Mama mmoja kutoka nyuma akauliza, "Limepimwa na nani hilo?" Uwanja mzima ulicheka. Nilimtazama mwenye gunia. Alicheka mwisho, baada ya wote, akaweka mkono mfukoni, akaanza yeye mwenyewe kulinunua.